Pua Inakoelekea, Ndege Inakokwenda

Kati ya mambo yote ambayo gemu za urubani wa vita humtaka mchezaji ayajue, usukani wa mkia ndio unaopuuzwa kuliko yote, na naamini ndio uliostahili kutangulizwa. Mikono hupata kazi tangu dakika ya kwanza: mmoja umeshika fimbo, mwingine uko kwenye wenzo wa injini, na kidole kimekaa tayari juu ya kitufe cha kufyatulia risasi. Miguu hubaki sakafuni bila kazi. Anayeingia mara ya kwanza katika IL-2 Sturmovik au DCS World hudhani kwamba ule ubapa ulio wima kwenye mkia ndio unaoigeuza ndege. Hukanyaga pedali ya kushoto, huona pua ikienda kushoto, kisha hushangaa kuona ndege yenyewe inaendelea na safari yake ya awali, imekaa upande, imepoteza mwendo, na adui aliyekuwa akifukuzwa amekwisha kuponyoka. Wengi huamua hapohapo kwamba pedali ni za kutembezea ndege ardhini tu, na tangu siku hiyo hawazigusi tena hewani. Wamekosea, ila si vigumu kuona kwa nini. Ni kweli kwamba ndege hugeuzwa na mabawa: hulazwa upande, na nguvu ileile inayoibeba huivuta kuingia ndani ya kona. Usukani una kazi nyingine. Unasimamia mwachano uliopo kati ya vitu viwili ambavyo mchezaji huvichukulia kuwa kimoja, yaani kule pua inakoelekea na kule ndege inakokwenda. Hoja yangu ni kwamba mapambano ya angani, katika gemu zinazoheshimu fizikia, kwa sehemu kubwa ni mapambano ya kuutawala mwachano huo: kuufunga unapotaka kupiga, na kuufungua kwa makusudi unapotaka usipigwe.

Mabaharia wa pwani yetu hawahitaji kushawishiwa juu ya jambo hili. Jahazi likienda na upepo wa ubavuni, omo yaweza kuelekea mnarani huku chombo chenyewe kikisogezwa polepole kuelekea miambani, na nahodha anayeitazama omo peke yake atapanda mwamba akiwa ameridhika kabisa na mwelekeo wake. Hewa nayo inamsogeza rubani hivyohivyo, isipokuwa kwamba rubani hana mwamba wala mnara wa kumwonyesha amesogea kiasi gani. Ana gololi moja tu ndani ya kibomba cha kioo kilichopinda, chini ya saa nyingine zote. Gololi ikikaa katikati, pua na njia ni kitu kimoja. Ikikimbilia kulia, mguu wa kulia unadaiwa.

Wilbur na Orville Wright walikutana na tatizo hili kabla hata hawajawa na injini. Ndege yao ya kuelea ya mwaka 1901 haikuwa na mkia wima. Walipoyapinda mabawa ili ilale upande mmoja, pua iliweza kwenda upande wa pili. Chanzo chake ni rahisi kukieleza ingawa hakikuwa rahisi kukigundua. Bawa linalotakiwa kupanda huongezewa nguvu ya kuinua, na hewa haitoi nguvu hiyo bure. Huongeza ukinzani kwenye bawa hilohilo, bawa likarudi nyuma kidogo, na pua ikavutwa kinyume cha kona iliyokusudiwa. Mwaka 1902 ndugu hao waliweka mapezi mawili wima nyuma, yakiwa yamekazwa yasisogee. Hali ikawa nafuu, lakini mara nyingine ndege iliteleza kuelekea bawa la chini na kuzunguka mpaka bawa likachimba mchanga. Ndipo Orville alipopendekeza mkia uweze kugeuzwa, na Wilbur akaongeza kwamba uunganishwe na nyaya za kupindia mabawa, ili mambo hayo mawili yafanyike pamoja. Kwa hiyo tangu kuzaliwa kwake, usukani wa ndege ulikuwa chombo cha kusahihisha kosa ambalo mabawa hulifanya kila yanapofanya kazi yake.

Mchezaji wa leo anaweza kuushuhudia ugunduzi huo kwa muda usiofika nusu dakika. Achukue ndege yoyote ya Vita Kuu ya Kwanza katika Rise of Flight, apunguze mwendo, alenge pua kwenye kilima cha mbali, kisha alaze fimbo kulia kwa nguvu bila kugusa pedali. Ndege italala kulia, lakini kabla ya kona kuanza pua itateleza kushoto ya kilima, mbali na kule alikotaka kwenda. Arudie tena, safari hii fimbo na mguu wa kulia vikienda pamoja. Kilima kitabaki palepale mbele ya pua na mabawa yatazunguka pembeni yake, kisha kona itaanza mara moja. Hakuna maandishi yanayoweza kufundisha zaidi ya hapo. Anayeliona jambo hili kwa macho yake huacha kuuliza usukani ni wa nini. Huanza kujiuliza ni kona ngapi amekwisha kuzianza kwa kuchelewa.

Kisha inakuja injini, na hapa ndege za Vita Kuu ya Pili ni ngumu kuliko zinavyoonekana. Propela inayozunguka kulia ukiitazama kutoka kiti cha rubani huvuta pua kushoto kila nguvu inapokuwa kubwa na mwendo ukiwa mdogo: hewa inayotupwa nyuma hujizungusha kwenye mwili wa ndege na kuupiga mkia ubavuni, na panga linaloshuka upande wa kulia hufanya kazi zaidi ya lile linalopanda kushoto. Hivyo kila rubani anaposukuma wenzo wa injini, mguu wake lazima ujibu. Spitfire za injini ya Merlin zilikuwa na tabia hiyo, lakini zile za injini ya Griffon zilizokuja baadaye zilizungusha propela upande wa pili, na rubani aliyezoea za kwanza alilazimika kuufundisha mguu wa kushoto kazi iliyokuwa ya mguu wa kulia. Bf 109 ya Ujerumani ilikuwa na ugumu wake: rubani hakuwa na namna ya kuurekebisha usukani wa mkia akiwa hewani. Waingereza walipoijaribu ndege ya aina hiyo iliyotekwa, mwaka 1940, walilalamikia jambo hilo, kwa kuwa mwendo ukiwa mkubwa mguu wa kushoto ulipaswa kusukuma muda wote, na mguu huchoka. Ndege hiyohiyo, ikipanda polepole kwa nguvu nyingi, iliutaka mguu wa kulia. Mchezaji anayeshuka kwa kasi akiwa ndani ya Bf 109, akapiga, kisha akapanda juu kurudisha urefu wake, amepita katika madai yote mawili ndani ya muda mfupi. Asipoyajibu, ameruka nusu ya pambano akiwa upande.

Kuruka upande kunagharimu nini? Tuchukue hesabu moja. Ndege inakwenda mita 100 kwa sekunde, yaani kilomita 360 kwa saa, na gololi imeachwa pembeni kiasi kwamba pua iko nyuzi 5 nje ya njia halisi. Nyuzi 5 ni kidogo. Kwenye skrini wengi hawazioni. Lakini maana yake ni kwamba ndege inasogea ubavuni karibu mita 9 kila sekunde ukilinganisha na mstari wa pua, na risasi inapotoka huondoka na mwendo huo wa ubavuni, kwa sababu ilikuwa ndani ya ndege. Bunduki za Browning za Spitfire zilitupa risasi kwa takriban mita 750 kwa sekunde, na marubani wengi wa Uingereza walipenda risasi za mabawa yote mawili zikutane mbele yao yadi 250, kama mita 230. Adui akiwa umbali huo, akienda kwa mwendo uleule kuelekea kulekule pua yako inakoelekea, risasi itatumia karibu theluthi moja ya sekunde kumfikia, na kwa muda huo itakuwa imekwenda pembeni zaidi ya mita 2. Mwili wa Bf 109 ukitazamwa kutoka nyuma una upana wa kama mita 1 hivi. Alama ya kulengea ilikuwa katikati ya mkia, mkono haukutetemeka, umbali ulikuwa sahihi, na bado risasi zote zimepita hewani. Mchezaji atasema bunduki za gemu hazina nguvu, au kwamba mtandao umemwangusha. Huenda mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi hakuitazama gololi.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo ambalo huwapata hata wenye pedali nzuri. Wanapoona alama ya kulengea imeachana na adui kidogo, hukanyaga pedali kuisogeza, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka. Pua husogea kweli, lakini ndege husogea kwa kuchelewa, pua hurudi, mguu wa pili nao hukanyaga, na sasa pua inayumba kushoto na kulia huku risasi zikimwagwa pande zote mbili za adui. Usukani hautaki teke. Unataka mgandamizo mdogo, kungoja kidogo, kisha kuachia kidogo. Hili ndilo jambo ambalo kibodi hulifanya kuwa gumu sana, kwa sababu kitufe hakijui kidogo. Kwenye gemu nyingi kinajua yote au hakuna, na anayekitumia hulazimika kukigonga kwa vipindi vifupivifupi ili apate kitu kinachokaribia mgandamizo.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya hoja, ile ya kuufunga mwachano. Nusu ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Anayekufukuza kutoka nyuma hana habari ya njia yako halisi. Anachokiona ni mwili wa ndege yako: pua iko wapi, mabawa yamelala kiasi gani. Kutokana na hayo anakisia utakuwa wapi risasi zake zitakapofika, naye hulenga hapo. Ukiyaacha mabawa karibu sawa na kukanyaga pedali, ukazuia ndege isilale kwa kusukuma fimbo upande wa pili, mwili wako unamwambia jambo moja na njia yako inafanya jingine. Anaona pua imegeuka kushoto, anatanguliza risasi kushoto, nawe bado unakwenda moja kwa moja, huku umepunguza mwendo kwa sababu ubavu mzima wa ndege sasa unapigana na hewa. Asipokuwa mwangalifu, kupungua huko kwa mwendo kunaweza kumpitisha mbele yako. Fokker Dr.I, ile ndege ya mabawa matatu ambayo Manfred von Richthofen aliuawa akiiendesha mwaka 1918, haikuwa na pezi lililokazwa kwenye mkia. Ubapa wote wa wima ulikuwa usukani, na ndiyo maana pua yake iliweza kutupwa pembeni kwa wepesi ambao ndege nyingine za wakati wake hazikuwa nao. Katika gemu za vita hiyo, mchezaji anayeijua Dr.I hachoki kuutumia wepesi huo, na mpinzani asiyeujua hupoteza risasi nyingi sana.

Lakini udanganyifu huu una bei, na bei yenyewe ni mwendo. Kila sekunde ya kuteleza ubavuni ni mwendo uliotupwa, na mwendo uliotupwa haurudi ila kwa kushuka chini au kwa kungoja, mambo mawili ambayo mtu anayefukuzwa hana nafasi nayo. Ndiyo maana wanaoutumia vizuri huutumia kwa muda mfupi mno, adui akiwa karibu kiasi kwamba amekwisha kuamua kupiga. Ukiutumia mapema, umemsaidia: umejipunguzia mwendo akiwa bado na wakati wa kurekebisha shabaha yake. Ukiurudia mara tatu kwa namna ileile, amekujua. Nadhani hapa ndipo gemu hutenganisha aliyekariri mbinu na aliyeielewa, kwa kuwa aliyeielewa anajua mwendo alionao unaweza kununua nini.

Katika mwendo mdogo kabisa mguu huchukua nafasi ya mkono. Ndege mbili zikivutana polepole, kila moja ikitaka kubaki nyuma ya nyingine, mabawa yote yako karibu na kushindwa kubeba. Hapo kulaza fimbo ni hatari, kwa kuwa kibapa kinachoshuka kwenye ncha ya bawa chaweza kulimaliza bawa lililokuwa limebakiza kidogo tu. Rubani hulinyanyua bawa linaloanguka kwa mguu: hukanyaga upande wa pili, bawa la nje hupata mwendo zaidi, hubeba zaidi, hupanda. Na pale bawa linaposhindwa kabisa upande mmoja na ndege ikaanza kuporomoka kwa kuzunguka, usukani ndio tegemeo la kwanza. Jambo hili liligharimu maisha ya vijana wengi kabla halijaeleweka. Mwezi Agosti 1912, Luteni Wilfred Parke wa Uingereza alijikuta katika mporomoko wa namna hiyo ndani ya ndege ya Avro. Alijaribu mambo kadhaa bila mafanikio, kisha akakanyaga usukani kinyume cha mzunguko, ndege ikatoka akiwa karibu na ardhi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwanafizikia Frederick Lindemann naye aliifanya kazi ya kuuchunguza mporomoko huo akiwa Farnborough, akiwa yeye mwenyewe ndani ya ndege. Utaratibu ambao mchezaji husoma leo katika maelekezo ya gemu, wa kutoa nguvu ya injini, kukanyaga kinyume, kusukuma fimbo mbele, umetokana na watu waliokuwa wakianguka kweli. Anayecheza na P-39, ndege ya Kimarekani yenye injini nyuma ya kiti cha rubani ambayo Wasovieti kama Aleksandr Pokryshkin waliitumia kwa mafanikio makubwa, atauhitaji utaratibu huo mapema kuliko anavyotarajia, kwa sababu ndege hiyo ilijulikana kwa kuingia kwenye mporomoko na kuwa ngumu kutoka.

Kuna wanaopinga haya yote kwa hoja nzito, na nzito kuliko zote ni kwamba mapambano huamuliwa kabla usukani haujaguswa. Marubani wengi walioandika juu ya vita hivyo wamesema jambo moja kwa namna mbalimbali: aliyeanguka kwa kawaida hakumwona aliyemwangusha. Urefu, jua mgongoni, wenzako pembeni, macho yanayogeuka kila mara, hivi ndivyo vinavyoshinda. Sina ubishi na hilo. Lakini tuitazame nafasi yenyewe ambayo urefu na jua humpa mtu. Ni nafasi ya kushuka kwa kasi kutoka nyuma na kupiga kwa sekunde moja au mbili. Katika kushuka huko mwendo unabadilika haraka kuliko wakati mwingine wowote, na kila mwendo unapobadilika gololi inahama. Aliyejipatia faida zote hizo, kisha akafika mita 230 akiwa nyuzi 5 nje ya njia yake, amezitupa. Kushtukiza kunampa nafasi moja ya kupiga, na ubora wa nafasi hiyo unategemea mguu.

Wengine husema ndege za kisasa zimeumaliza mjadala. Kwa ndege kama F-16, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1974 ikiongozwa kwa nyaya za umeme na kompyuta badala ya vyuma na kamba, mchezaji wa DCS anaweza kupigana kwa muda mrefu bila kukumbuka kwamba ana miguu. Hilo nalikubali, na linaipunguza hoja yangu kama inavyostahili kupunguzwa: nazungumzia zaidi ndege ambazo binadamu ndiye anayezishika. Ila ni vizuri kukumbuka kwamba mwachano wa pua na njia haukufutwa. Umekabidhiwa kompyuta, ambayo huusahihisha wakati wote bila kusema. Na hakukuwa na ukuta kati ya enzi ya propela na enzi ya jeti. F-4 Phantom ni jeti, ilibeba makombora na rada, na bado marubani wake walifunzwa kwamba pua ikiwa imevutwa juu sana dhidi ya hewa, kulaza fimbo pembeni kunaweza kuitupa ndege kinyume na kuiondoa mikononi mwao. Walitakiwa kuilaza kwa miguu. Anayeiendesha Phantom katika gemu akiwa na mazoea ya F-16 hujifunza hilo kwa kuanguka.

Pingamizi la tatu ni la mfuko, na hilo ndilo ninalolichukulia kwa uzito zaidi wa moyo. Pedali nzuri ni ghali. Mchezaji mwenye kompyuta ya kawaida, kibodi na kipanya, ataona hoja kama hii ni ya wenye nacho. War Thunder imemjali mtu huyo kwa kumpa rubani msaidizi asiyeonekana: yeye anaelekeza kipanya anakotaka kwenda, na programu inashughulika na fimbo na usukani. DCS nayo ina msaada wa usukani kwa baadhi ya ndege za Vita Kuu ya Pili. Siwezi kuwalaumu waliouweka, kwa kuwa wengi wasingeingia kabisa kama mlango ungekuwa mwembamba. Ninachosema ni kwamba msaada huo ukibaki umewashwa daima unachukua vitu viwili, na watu hukumbuka kimoja tu. Unaondoa kosa la kuruka upande, ndiyo. Lakini unaondoa pia uwezo wa kuruka upande kwa hiari, kwa sababu msaidizi yule kazi yake ni kuirudisha gololi katikati. Mchezaji amepewa nusu ya kwanza ya ufundi akanyimwa nusu ya pili. Na njia ya katikati ipo: fimbo nyingi za bei nafuu zina mpini unaozungushika, na mkono unaozungusha mpini unaweza kujifunza mgandamizo kama mguu unavyojifunza, ingawa huchukua muda kuuzoesha usiilaze ndege bila kukusudia. Historia yenyewe haijawahi kudai miguu kamili. Douglas Bader wa Uingereza alipoteza miguu yote miwili katika ajali ya ndege mwaka 1931, akapigana mwaka 1940 akikanyaga pedali kwa miguu ya bandia, na alipoangushwa mwaka 1941 mmoja wa miguu hiyo ulinasa ndani ya ndege alipokuwa akitoka. Alexey Maresyev wa Urusi aliangushwa mwaka 1942, akatambaa siku 18 kwenye theluji, akakatwa miguu, na mwaka uliofuata akarudi kwenye ndege za kivita na kuangusha nyingine. Watu hawa wawili hawakupewa ndege zisizo na pedali. Walitafuta namna ya kuzikanyaga, na jitihada walizoziweka katika kutafuta namna hiyo zinaonyesha walivyoona kazi ya pedali isivyoweza kuachwa.

Limebaki pingamizi kwamba gemu si urubani. Rubani halisi huhisi ndege ikiteleza: mwili wake husukumwa upande mmoja wa kiti, na kalio huijua gololi kabla jicho halijaiona. Mchezaji ameketi kwenye kiti kisichosogea. Ni upungufu mkubwa, na hakuna skrini inayouziba. Hata hivyo, matokeo ya upungufu huo si kwamba usukani hauna maana kwenye gemu. Ni kwamba mchezaji analazimika kuyapata kwa macho na masikio yale ambayo mwenzake huyapata kwa mwili. Kwa sababu hiyo anaihitaji gololi kuliko rubani anavyoihitaji. Kuhusu fizikia ya gemu zenyewe, hazifanani, na zote hurahisisha mahali fulani. Lakini ukinzani wa bawa linalopanda, mvuto wa propela na risasi inayoondoka na mwendo wa ndege si mambo ambayo mtengenezaji makini anaweza kuyaacha bila kuonekana.

Ndiyo maana ningependa mafunzo ya gemu hizi, yale ya watengenezaji na yale ambayo wachezaji wazoefu huwapa wageni wao, yabadilishe mpangilio wake. Bunduki zifungwe kwanza. Mgeni apewe ndege ya propela, anga tupu na kazi moja: kusukuma wenzo wa injini kutoka chini mpaka juu na kuurudisha, apande, ashuke, ageuke kushoto na kulia, gololi isitoke katikati. Akiweza hilo, apewe kazi ya pili, ya kuitoa gololi katikati kwa kukusudia, kuishikilia pembeni kwa sekunde mbili mabawa yakiwa sawa, na kuirudisha bila pua kuyumba. Kisha mwenzake mzoefu amkae nyuma, naye apite mbele yake na kufanya hivyohivyo, ili mzoefu amwambie ni wakati gani alishindwa kukisia aendako. Baada ya hapo ndipo risasi zifunguliwe.